Tramu ya Shangazi

Ukishuka leo kutoka chuoni kwenda sokoni Tarime, utawasikia madereva wa bajaji wakiita, "Tramu! Tramu! Bado mmoja!" Ukiwa mgeni utageuza shingo kutafuta vyuma. Hakuna chuma. Kuna njia ya udongo mwekundu iliyojikunja ubavuni mwa kilima kama mkono wa mtu aliyelala, na changarawe ngumu pale ambapo maji ya mvua hupenda kupita. Nilikuwepo njia hiyo ilipozaliwa. Nilikuwa upande wa walioipinga.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, wakati kila chenye magurudumu kilikuwa kimekimbilia Nyamongo. Bodaboda waliokuwa wakisinzia kwenye kona ya stendi walihama na pikipiki zao. Michomoko, yale magari madogo ya abiria yanayobeba watu kuliko viti vyake, iligeuza vioo vyake vyote upande mmoja. Vijana walikwenda kuchimba, au kuokota magwangala, yale mawe ya mabaki yanayorundikwa nje ya mashimo, wakiyageuza kwenye jua kutafuta kinachometa. Jembe ukilitaka kwa jirani unaambiwa liko Nyamongo. Mume wa jirani ukimuulizia, naye yuko Nyamongo. Mji wetu ulibaki na wanafunzi wa ualimu, akina mama wa sokoni na wazee, na sisi sote tulitembea kwa miguu.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Mabweni yalijaa mwaka ule, nikaruhusiwa kulala kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kilima. Kutoka mlangoni kwake hadi chuoni ni tambarare, mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Kutoka mlangoni kwake hadi sokoni ni mteremko wa mawe, mkali, ambao mbuzi wenyewe huuteremka wakiwa wamebana mikia.

Kwenye mteremko huo ndipo shangazi alipoanguka, msimu mmoja wa mvua, akiwa na mzigo wa vibuyu mgongoni. Nyonga yake ilipona, lakini ilipona kwa masharti. Ilimruhusu kutembea polepole kwenye tambarare, akiwa na mkongojo. Haikumruhusu kuteremka mawe. Wala haikumruhusu kutanua miguu akapanda pikipiki. Alijaribu mara moja kukaa upande, wakaanguka wote watatu, yeye, dereva na pikipiki, kwenye tope. Alicheka siku hiyo. Lakini hakushuka tena sokoni.

Na shangazi bila soko alikuwa kama redio bila betri. Kazi yake ilikuwa vibuyu vya maziwa. Alivivuna, akavikausha darini, akavikwangua ndani kwa kijiti kirefu, kisha akavifukiza kwa kaa la mti wenye harufu mpaka maziwa yakikaa humo yanatoka na ladha ambayo dumu la plastiki haliwezi hata kuiota. Vilivyopasuka alivishona. Ndiyo, alivishona, kwa sindano nene na uzi wa katani, akaziba matundu kwa nta ya nyuki, na mshono ukabaki ubavuni mwa kibuyu kama kovu la mtu shujaa. Watu walikuja toka Susuni na vibuyu vya mama zao waliokwisha kufa, wamevifunga kwenye khanga, wakamkabidhi kama wanavyokabidhi mtoto mgonjwa. Wakishakaa hapo kungoja ashone, ndipo anapopata habari zote za dunia: nani kaoa, nani kaachwa, ng'ombe wa nani kavuka mpaka wa Kenya pale Sirari usiku akarudi na jina jingine.

Nafasi yake sokoni ilikuwa kando ya meza ya mama mmoja muuza khanga. Mama huyo alikuwa Mwislamu, babu yake alikuja toka pwani na cherehani kichwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Tarime na Kikurya alikijua mpaka matusi. Walikuwa wamekaa bega kwa bega tangu mimi sijazaliwa. Shangazi alipoacha kushuka, rafiki yake alikilinda kigoda chake. Kila siku ya soko nilipopita alinipa ujumbe.

"Mwambie jirani, kigoda chake nimekikalia kwa kalio moja, na changu kwa kalio la pili. Mgongo umeanza kupinda."

Nilipoufikisha, shangazi alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akaendelea kushona.

Ila siku moja ujumbe haukuwa wa kuchekesha. Kijana mmoja aliyeuza tochi za kichwani na mabuti ya wachimbaji alikuwa akiitaka nafasi ile. Biashara yake ilikuwa kubwa, sauti yake kubwa zaidi, na mwenyekiti wa soko alikuwa amesema jambo ambalo huwezi kusema ni uonevu: nafasi isiyo na mtu, mvua za vuli zikianza, itagawiwa.

"Mwambie mimi nimepigana," alisema mama wa khanga. Hakunitazama, alikuwa anakunja khanga ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Mwambie aje. Hata kwa kubebwa."

Shangazi alisikia ujumbe huo akiwa amekaa mlangoni. Alitazama chini, ambako paa za soko zilionekana karibu kiasi cha kuzitupia punje ya mahindi.

"Kubebwa," alisema. "Mimi ni gunia?"

* * *

Sasa, chuoni tulikuwa na mkufunzi wa jiografia aliyewahi kusoma Ulaya, katika mji mdogo wenye chuo kikubwa. Alirudi na koti zito ambalo hakupata baridi ya kulivalia, na mapenzi ya tramu. Alitueleza kwa macho yaliyolowa: gari refu, safi, linateleza kwa umeme juu ya reli katikati ya barabara, linasimama mbele ya chuo, linasimama sokoni, bibi kizee anapanda na kikapu chake bila kuinua mguu. Huko nako, alisema, watu walibishana miaka na miaka kama waongeze njia mpya ama wasiongeze. Basi akatutungia mada ya mdahalo: mji huu wa chuo ujengewe njia ya tramu, kutoka stendi na sokoni hadi chuoni.

Tulicheka wote, naye akacheka, lakini mada ilibaki ubaoni. Nikapangiwa upande wa kupinga.

Nilifanya mazoezi nyumbani, nimesimama mbele ya vibuyu kana kwamba ni wabunge. "Ndugu mwenyekiti, umeme wetu wenyewe hukatika kabla chai haijachemka! Tramu itasimama katikati ya kilima, abiria washuke waisukume!"

"Tramu ni nini?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa sababu mkufunzi alikuwa ametueleza vizuri. Nilipofika pale pa bibi kizee na kikapu, mwiko ulinyamaza kwenye sufuria.

"Bila kuinua mguu?"

"Bila kuinua mguu, shangazi."

"Na wewe unapinga."

"Nimepangiwa."

"Nani kakupangia kumpinga shangazi yako?"

Nikamwambia ni mazoezi ya kusema tu. Sikumwambia zaidi ya hapo, na sidhani kama angesikia. Alikuwa ameshatoka jikoni, anatafuta khanga yake ya kutokea.

Siku ya mdahalo, Ijumaa alasiri, alikuja. Milango ya bwalo iliachwa wazi, na watu wa jirani walipenda kuja kutusikiliza, maana dhahabu ilikuwa imewanyang'anya burudani nyingine zote. Shangazi alikaa benchi la mbele, mkongojo katikati ya magoti. Wanafunzi walipita mmoja mmoja wakiinama. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Shikamoo bibi." "Marahaba, lakini bibi ni wa kwenu."

Msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono alikuwa kijana mrefu wa Ringwani, kule Serengeti, mtoto wa wakulima, mwenye sauti ya kupoza hasira. Alisema vizuri. Mimi pia nilisema vizuri. Watu walicheka pale pa kusukuma. Kisha akasimama bodaboda mmoja, mmoja wa wachache waliobaki mjini, kofia ngumu kwapani.

"Mimi napinga," alisema. "Tramu ikija, sisi tutakula reli?"

Kabla mwenyekiti wa mdahalo hajampa ruhusa, shangazi alikuwa ameshasimama.

"Mura," alimwambia, kama wanavyoitana Wakurya wanaume vijana, kwa upole wenye miiba. "Nilikuomba unipeleke sokoni. Uliniambia nini?"

Bodaboda alitazama kofia yake. "Nilisema mlima unaua klachi, mama."

"Basi mlima huli. Reli itakunyang'anya nini?"

Bwalo lilivunjika kwa kicheko. Mtunza muda alikuwa na kengele mkononi, na shangazi alikuwa amepitisha muda hata kabla ya kuanza, lakini kijana wa watu aliishika ile kengele kwa kiganja isije ikalia yenyewe. Ni nani angempigia mtu mzima kengele?

Shangazi hakusema mengi. Alisema ana nafasi yake sokoni, kando ya rafiki yake, na kwamba mvua zikianza haitakuwa yake tena. Alisema hataki kubebwa. Alitaka njia tu. Kisha akamgeukia mkufunzi: "Mwalimu, hicho chombo kitapita wapi?"

Mkufunzi akachukua chaki, furaha imemjaa usoni. Akachora kilima. Akaeleza kwamba reli haipandi mlima kwa kuukabili. Lazima iuzunguke polepole, ubavuni, hivi, halafu hivi. Chaki ilipokuwa inapinda kwa mara ya pili, watu wazima waliokuwa nyuma walianza kunong'onezana. Ule ulikuwa mchoro wa njia ya zamani ya ng'ombe. Iliota majani tangu zizi la mwisho la kilimani lilipohama, lakini waliikumbuka.

"Wanaounga mkono wahamie kulia," mwenyekiti alitangaza. "Wanaopinga, kushoto."

Ilikuwa desturi yetu ya kupiga kura, kwa miguu. Shangazi alihamia kulia. Akageuka akasimama, akatazama nani anamfuata, uso baada ya uso, kama mtu anayewatazama ng'ombe wake wakiingia zizini jioni. Karibu bwalo zima lilimfuata. Hata bodaboda alivuka, ameinamisha kichwa. Sisi wapinzani tulibaki wachache kushoto, tunapiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa na haraka ambayo nyonga yake haikuizoea.

* * *

Asubuhi niliamshwa na moshi. Nilikuta uani moto wa magogo, na juu yake chungu ambacho hakikuwa chetu. Kulikuwa na kingine pembeni, nacho hakikuwa chetu. Makande yalikuwa yanatokota. Uji wa wimbi uliochachuka ulikuwa umejaa kwenye vibuyu vyake vizuri kabisa, vile alivyokuwa amevitunza kwa ajili ya kuuza. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanamenya ndizi.

"Shangazi, kuna msiba?"

"Msiba gani? Leta bakuli zote."

"Nani anakuja?"

Akanitazama kama ninayeuliza jua linatokea wapi. "Watu wa jana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wasiokujua kwetu, niseme hivi. Mkurya akiwa na kazi kubwa kuliko mikono yake, shamba la kupalilia au nyumba ya kusimamisha, huita risaga: majirani wanakusanyika, wanafanya kazi ile pamoja, na mwenye kazi anawalisha. Hakuna malipo. Kuna chakula, na kuna zamu yako ya kuitwa kesho. Na mtu akishakubali mbele za watu, haendewi tena nyumbani kukumbushwa. Chakula ndicho kinachoita.

Shangazi aliona mkutano. Aliona watu wanahama kwa miguu yao wenyewe kuja upande wake, mchana kweupe. Kwake yeye kilichobaki kilikuwa kupika.

"Shangazi," nilisema, "mdahalo si mkutano. Ni mazoezi. Tunajifunza kubishana. Hakuna anayejenga kitu."

Mwiko uliendelea kuzunguka. "Walivuka ama hawakuvuka?"

"Walivuka."

"Mimi nilikuwa nimejificha? Hawakuniona?"

"Walikuona."

"Sasa wanakubali jambo zima, halafu wanakwenda kulala?"

Wale wanawake wawili waliacha kumenya. Kila jibu nililolifikiria liliufanya mdahalo uonekane jambo la kipumbavu mno. Shangazi alitazama vyungu. Nilimwona anaanza kuelewa, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Aliufuta mwiko ukingoni mwa chungu, akaulaza juu yake.

"Chakula cha risaga," alisema kwa sauti ndogo, "mwenye nyumba hatangulii kukila. Kikipoa, kipoe."

Akaingia ndani.

Nilikimbia. Tambarare ile ya kumaliza kipande cha muwa niliimaliza kabla sijakumbuka kuvaa viatu. Wanafunzi walikuwa bombani, wanapiga mswaki, Jumamosi ikiwa imewalegeza mabega. Nilimwendea moja kwa moja yule kijana wa Ringwani, adui yangu wa jana.

"Shangazi amepika."

Alinitazama, povu mdomoni. "Amepika nini?"

"Makande. Vyungu viwili. Na uji. Anawangoja mliovuka."

Alitema povu. Nililiona jambo hilo likimfikia, si kwa maelezo, bali kama baridi inavyomfikia mtu. "Ameshapika?" aliuliza tena. "Kabisa?"

"Moto unawaka."

"Mungu wangu," alisema. "Mama yangu akisikia."

Akachukua sahani ya bati na kijiko, akaanza kuigonga akipita katikati ya mabweni. Wale wa Susuni na wa kwetu huku hawakuhitaji kuelezwa mara mbili; walitoka wanafunga mashati. Wale wa Lindi na wa Moshi waliuliza kuna nini, wakaambiwa ni ile tramu, na leo inajengwa, wakadhani ni utani. Walipoambiwa kuna makande, wakaacha kuuliza. Mkufunzi wa jiografia alichungulia dirishani kwake na sabuni ya kunyolea shavuni. Alipotoka alikuwa amevaa mabuti ya mvua na amebeba kamba na vigingi. Akafungua stoo ya shamba la chuo, akagawa majembe.

Shangazi aliposikia kelele alitoka. Walikuwa wamejaa uani, wamejipanga nje ya ua mpaka kwenye migomba, na yule kijana wa Ringwani mbele.

"Shikamoo mama. Samahani, tumechelewa."

Alimtazama. Akatazama na wengine.

"Marahaba," alisema. "Mmechelewa kweli. Kunyweni uji, jua linapanda." Kisha, nilipoinama kuchukua bakuli na mimi: "Wewe ulikuwa kushoto. Utakunywa wa mwisho."

* * *

Kufyeka na kusawazisha njia ya ng'ombe kulikuwa rahisi kuliko tulivyodhani, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshaifanya kazi ngumu. Waliikanyaga kwa vizazi mpaka ikawa bapa. Mkufunzi alitembea mbele na kamba yake akipaza sauti, "Upana! Nataka upana wa bajaji na mtu anayepita pembeni!" Yule bodaboda wa jana alikuja na kofia yake, akailaza kwenye majani, akachukua jembe bila kumtazama mtu. Tulichimba, tukaimba, tukachafuka. Shangazi alikaa juu, kwenye kigoda cha jikoni, anatuelekeza kwa mkongojo kana kwamba anaongoza kwaya.

Kisha tukafika kwenye jiwe. Lilikuwa limetoka ubavuni mwa kilima na kuikata njia, kubwa kama kifaru aliyelala. Majembe ya chuo yaliligusa, yakalia, yakapinda.

"Sululu," mkufunzi alisema, akijifuta jasho. "Tunahitaji sululu na nyundo."

Tulitazamana. Kila mtu alijua sululu zote za Tarime ziko wapi.

Shangazi akatoa simu yake ndogo kifuani. Mwanawe wa pekee, kaka yangu kwa ukoo, alikuwa Nyamongo tangu mwaka uliotangulia. Kila alipopiga simu ahadi ilikuwa moja: akipata tu, anamnunulia mama yake gari, atashuka sokoni amekaa mbele kama mke wa mbunge.

"Njoo," shangazi alimwambia. "Njoo na sululu. Njoo na wenzako. Nimepika."

Walifika alasiri, na pikipiki zao zilisikika kutoka mbali. Walikuwa weupe kwa vumbi mpaka kope, kama watu waliopakwa unga. Kaka aliwaona wanafunzi, akaona njia iliyofika hadi kwenye jiwe, akamwona mama yake juu ya kigoda. Akapanda akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ungenisubiri. Niko karibu kabisa. Nikipata, nakununulia gari, nilikwambia."

Shangazi alimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba.

"Gari lipite wapi, mwanangu?"

Kaka aligeuka akautazama mteremko wa mawe kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza ingawa aliteleza humo utoto wake wote. Alivua shati, akachukua nyundo.

Jamani, watu wale walijua jiwe. Walilizunguka, wakaligonga hapa na pale, wakalisikiliza, wakachagua mahali. Nyundo zilipanda na kushuka kwa zamu, na jiwe likafunguka kwa sauti kavu. Na hapo, nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo jambo lile lingetokea, kazi ilisimama yenyewe. Kila mtu, wachimbaji, wanafunzi, bodaboda, mkufunzi mwenye koti la Ulaya, aliinama akaokota kipande. Tukavigeuza kwenye jua. Kila mmoja wetu alikuwa ameshatajirika kwa dakika hiyo moja, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kugawa.

"Kinameta?" shangazi aliuliza kutoka juu.

"Kidogo, mama," kaka alijibu, jicho moja limefumbwa.

"Hata jasho lako linameta. Vunjeni vidogo, mmwage kwenye tope pale chini."

Tukavunja. Tukamwaga. Ndiyo ile changarawe ngumu ambayo bajaji hupita juu yake mpaka leo, na sijawahi kuikanyaga bila kutazama chini kidogo.

Haikuisha siku hiyo. Jumamosi zilizofuata tulirudi, wachache kidogo kila mara, na chungu kikarudi kuwa kimoja. Kaka hakurudi Nyamongo mara moja; alisema anasubiri njia ikauke. Mama wa khanga alituma ujumbe kwamba mgongo wake umepinda kabisa sasa, na kwamba ameona mawingu upande wa ziwa. Sisi nasi tuliyaona.

Bajaji ya kwanza ilipanda asubuhi ya siku ya soko, mbingu ikiwa na rangi ya sufuria kuukuu. Iliendeshwa na yule bodaboda, ambaye alikuwa ameiazima kwa shemeji yake na aliiendesha kwa woga, akinong'ona na injini. Ilipinda pale chaki ilipopinda. Ilipita kwenye jiwe lililokuwa kifaru. Ilisimama mlangoni kwa shangazi, na wanafunzi waliokuwa wamejipanga kando ya njia walipiga kelele kana kwamba meli imetia nanga.

Shangazi alikuwa amevaa tangu alfajiri. Aliukabidhi mkongojo kwa kaka, akageuka, akaketi kwanza, kisha akaivuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine, akaupokea tena mkongojo. Nyonga haikulalamika. Tukampakia vibuyu, vingine miguuni, vingine mapajani, kimoja kikubwa chenye mshono akakikumbatia. Nilipopakia cha mwisho ilibaki nafasi ndogo pembeni yake, ya mtu mwembamba. Nikainama niingie.

Mkongojo ulinizuia kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni, shangazi. Nikusaidie kushusha."

"Si ulipinga?"

"Shangazi! Nilipangiwa!"

"Basi na leo umepangiwa kutembea." Akavuta kibuyu kimoja toka miguuni, akanitwika mikononi. "Na hiki kinanibana. Njoo nacho."

Dereva alicheka, kaka alicheka, kijana wa Ringwani alikalia majani kwa kicheko. Bajaji ikaanza kushuka, polepole, ikapotea kwenye mpindo wa kwanza, ikaonekana tena chini, na sauti ya shangazi ikapanda hadi kwetu ikimkaripia dereva aende vizuri.

Nikashuka nyuma yao kwa miguu, kibuyu kifuani, kwenye njia ambayo mikono yangu bado ilikuwa na malengelenge yake. Matone ya kwanza ya vuli yalinikuta kwenye changarawe. Nilipofika sokoni nimelowa, kijana wa tochi alikuwa anahamisha boksi lake kutoka kando ya meza ya khanga, taratibu, kwa heshima. Mama wa khanga alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, kwa makalio yote mawili, anafuta macho kwa pindo la bidhaa yake. Na shangazi alikuwa kwenye chake. Mtu wa Susuni alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, anafungua fundo la khanga, anamweleza kibuyu cha mama yake kilianguka lini na kilianguka vipi, na shangazi alikuwa amekipokea, anakizungusha taratibu kutafuta ufa.

Aliunyoosha mkono bila kuniangalia.

"Sindano iko ndani ya hicho ulichokuja nacho," alisema. "Mbona umekawia?"